Nani anasoma mita ya mairie?

Kila fakture ya maji inapozua ugomvi Butembo au Beni, mashariki ya Kongo, swali la kwanza huwa lile lile: mbona raia halipi? Mimi nashika swali jingine, na naona ndilo linalostahili kutangulia. Mairie, ofisi za komini, kituo cha polisi, mahakama, gereza, shule ya serikali na hospitali kuu hutumia maji kiasi gani, nani huyalipia, na bomba likipasuka ndani ya majengo hayo nani hulitengeneza? Fakture za maji na utunzaji wa majengo ya umma huzungumzwa kama mambo mawili yasiyojuana. Nadai kwamba ni jambo moja, kwamba serikali ya mji inaweza kulianza leo kwa kuweka hadharani hesabu zake yenyewe za maji na matengenezo, na kwamba isipofanya hivyo haina uso wa kumtetea anayemkatia maji mkaaji wa kawaida. Butembo ni mji uliozoea kubishana mbele ya watu. Parlement debout de Furu, jukwaa la mijadala ya barabarani, imejengeka juu ya desturi hiyo. Kwa hiyo nitaziacha sauti zinazopinga ziseme kwa nguvu zake zote, kisha nijibu. Ni sauti za hoja, si za watu fulani. Nimezipa vyeo ili ijulikane kila moja inatoka upande gani.

Anaanza karani wa mairie, akimjibu mama wa soko aliyefika mezani kwake.

— Mama, unaniomba fakture ya mairie? Maji ni ya kampuni ya REGIDESO, na REGIDESO ni ya Kinshasa. Meya hana ufunguo wa bomba hata moja.

— Bwana karani, sikuomba ufunguo. Nimeuliza ninyi mnalipa ngapi.

Karani ana nusu ya ukweli. REGIDESO ilianzishwa mwaka 1939, enzi za ukoloni wa Ubelgiji, na hata baada ya mageuzi ya mashirika ya umma yaliyoanza na sheria za Julai 2008 kuifanya kampuni ya kibiashara, mwenye mali amebaki kuwa dola. Meya wa Butembo hamteui mkurugenzi wake. Lakini sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliufungua mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi: ilizipa mikoa, na pamoja nayo miji, komini, sekta na tawala za kichifu, wajibu katika huduma ya maji kwa umma. Kabla yake, sheria ya ugatuzi namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilikuwa imeufanya mji kuwa mtu mbele ya sheria, mwenye bajeti na mali yake. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Hata tukiziweka kando sheria zote hizi, hoja ya karani inaanguka kwa sababu nyepesi zaidi: mairie ni mteja. Mteja anajua mita yake inasoma ngapi, au anajua kwamba hana mita. Anajua deni lake, na anajua robine ya uani inavuja tangu lini. Mambo hayo hayahitaji ruhusa ya Kinshasa kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni.

Na hapa ndipo penye uzito wa suala lote, kwa sababu mteja huyu si mdogo. Kwa miongo kadhaa moja ya maradhi makubwa ya REGIDESO nchini kote limekuwa deni la dola yenyewe: wizara, kambi, hospitali, shule na ofisi zinazotumia maji bila kuyalipia kwa wakati, na ambazo kampuni haithubutu kuzikatia. Benki ya Dunia ilipoidhinisha mradi wa maji ya mijini mwishoni mwa 2008, kwa dola milioni 190 zilizoelekezwa hasa Kinshasa, Lubumbashi na Matadi, kulipwa kwa maji ya ofisi za serikali kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo dola ilitakiwa kuyaahidi. Kampuni isiyoweza kumkatia mteja wake mkubwa huzitafuta fedha kwa mteja mdogo. Njia ni rahisi: mahali pasipo na mita, nyumba hutozwa kwa makadirio, na makadirio hayashuki mwezi ambao bomba lilikauka. Mwanamke wa komini ya Mulekera au ya Vulamba anayeletewa fakture ya namna hiyo hawezi kuipinga kwa ushahidi, maana hakuna kilichopimwa. Anachoweza kufanya ni kukataa kulipa, na akikataa anahesabiwa miongoni mwa wasiopenda kulipa.

Jengo la umma lisilotunzwa huingia katika hesabu hii kwa mlango wa pili. Tanki likipasuka au valvu ikilegea baada ya mita, maji yanayomwagika yanaandikwa kuwa yametumika, na deni la ofisi linapanda. Pasipo na mita, maji hayo hayaandikwi popote. Yanahesabiwa kuwa yamepotea, na hasara inagawanywa kwa wote wanaolipa. Ndiyo maana nasema mambo haya mawili ni moja. Fundi aliyepaswa kuitwa na mairie kubadilisha kipande cha bomba, asipoitwa, anamwongezea gharama mtu asiyewahi kuingia katika jengo hilo. Kenya, ambako Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji hutoa kila mwaka ripoti inayozipanga kampuni za maji kwa matokeo yake, imekuwa ikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaingizi fedha. Kiwango hicho ni kibaya. Lakini Mkenya anaweza kukisoma, kukilinganisha na cha mji wa jirani, na kumuuliza gavana wake. Huku kwetu ubishi unafanyika gizani, na kila upande unajitungia tarakimu zake.

Sasa mfanyabiashara anaingia, naye anasema kwa fahari yenye msingi.

— Wazee wetu hawakuingojea serikali. Barabara tulizitengeneza, chuo kikuu tulikijenga, umeme tuliutafuta. Mairie ikizeeka tutachanga. Tuacheni na mambo ya hesabu za kubandika ukutani.

Historia inamuunga mkono. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu kwenye kazi za pamoja kwa namna ambayo bado inatajwa, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989 katika nchi ambayo dola yake ilikuwa inayeyuka. Wakati wa utawala wa waasi wa RCD-K/ML, kati ya 1999 na 2003, wafanyabiashara wa Butembo walikubaliana na watawala ili sehemu ya ushuru irudi kwenye barabara na kazi nyingine za mji. Wasomi wamekitungia vitabu vizima kisa hiki cha mji uliojiendesha. Sikipunguzii heshima hata kidogo. Lakini nauliza mchango unafaa kwa kazi ya namna gani. Mchango hujenga vizuri kwa sababu ujenzi una mwanzo na mwisho, una siku ya kuzindua, na jina la mtoaji huandikwa mahali. Utunzaji hauna siku ya kuzindua. Ni rangi, bati moja lililotoboka, kitasa, mfereji uliozibwa na majani, robine inayotaka mpira mpya. Kidogo kidogo, kila mwezi, bila kusherehekewa na yeyote. Kazi ya aina hiyo haiendeshwi kwa ukarimu. Inataka mstari katika bajeti, mtu anayewajibika, na daftari.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara halitaji. Anayechanga ndiye anayeulizwa. Jengo likijengwa kwa mifuko ya wachache, wachache hao ndio watakaosikilizwa juu ya matumizi yake, na muuza mihogo wa Bulengera anabaki mgeni ndani ya nyumba inayoitwa ya umma. Kodi, pamoja na ugumu wake wote, inampa hata yeye haki ya kuuliza. Nikilazimika kuchagua kati ya mairie nzuri iliyojengwa na matajiri kumi na mairie ya kawaida ambayo kila mlipa kodi anaijua gharama yake ya maji, nachagua ya pili.

Mama wa soko amekuwa akisubiri, na sasa anamgeukia mfanyabiashara.

— Papa, mimi nimeshalipa. Nalipa ushuru wa meza sokoni, nalipa za shule, nafanya salongo, na jioni napanda mlima na bidoni ya litre 20 kutoka chemchemi. Kisha wananiambia sipendi kulipa.

Sauti hii ndiyo niliyo karibu nayo zaidi, na ningependa kuiongezea ushahidi, kwa sababu watawala wengi wanaamini kinyume chake. Mwaka 2016 serikali ya mkoa wa Kasaï-Central ilifanya Kananga kampeni ya kukusanya kodi ya nyumba, mtaa kwa mtaa, ikichagua mitaa kwa bahati nasibu ili matokeo yaweze kupimwa. Mchumi Jonathan Weigel, aliyeyachapisha matokeo hayo mwaka 2020, alikuta kwamba waliolipa walipanda kutoka karibu sifuri hadi kiasi cha asilimia 11 au 12. Hilo lenyewe lilitarajiwa. Lililo muhimu kwetu ni kilichofuata: wakazi wa mitaa iliyofikiwa na watoza kodi walijitokeza zaidi kwenye mikutano na serikali ya mkoa na kujaza zaidi fomu za kuipima kazi yake, tofauti ikiwa kama pointi 5 za asilimia, na hata wengi ambao hawakulipa walishiriki. Mtu akiombwa fedha anaamka na kuuliza. Utafiti uliofuata katika mji huo huo ulionyesha kwamba wakuu wa mitaa, wanaojua nani ana uwezo na nani hana, walikusanya zaidi kuliko maajenti wa serikali. Kwa hiyo Mkongo wa mjini si adui wa kodi. Ni mtu anayetaka kuona, na anayemwamini zaidi mtozaji anayemfahamu.

Kutoka Kananga hadi Beni ni safari ndefu, na mtu anaweza kusema kwamba kodi ya nyumba si fakture ya maji. Nakubali tofauti, ila naona inainufaisha hoja yangu. Kodi ya nyumba ni kitu cha mbali; mtu analipa asijue itatumika wapi. Maji yanaonekana na yanaweza kupimwa kwa ndoo. Ikiwa kuombwa kodi isiyoonekana kumewafanya watu wa Kananga waende kwenye mkutano, kuonyeshwa fakture ya ofisi ya komini kando ya fakture ya nyumba yao kutawaleta watu wa Bungulu wengi zaidi.

Mwanaharakati hakubaliani, na ukali wake una sababu.

— Ndugu, unaiomba mairie ijichunguze yenyewe? Hatuna baraza. Hatujamchagua meya. Leteni uchaguzi kwanza, hesabu zitafuata.

Analosema juu ya uchaguzi ni kweli tupu. Sheria ya ugatuzi ya 2008 inataka mji uwe na baraza lililochaguliwa, na meya awe anatokana nalo na kuwajibika kwake. Beni na Butembo zilitambuliwa kuwa miji mwaka 2003, na hadi leo mameya wao huteuliwa. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni, Butembo na maeneo ya jirani hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, hivyo wakaaji hao hawakumpigia kura rais. Ndipo watu wa Beni walipopanga mistari na kupiga kura yao wenyewe ya ishara. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi, état de siège, uliowaweka wanajeshi na polisi kwenye nafasi za ugavana na umeya na kulisimamisha bunge la mkoa. Uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulihusu komini za miji mikuu ya mikoa, na miji hii miwili haikuwa miongoni mwake. Mtu aliyeishi yote hayo ana haki ya kukosa subira.

Lakini siwezi kumfuata katika neno lake “kwanza”. Baraza likingojewa, mabati yanaendelea kuoza. Tangu Katiba ya 2006 watu wamekuwa wakiambiwa kwamba ukaguzi utakuja pamoja na madiwani, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima. Kubandika hesabu hakuhitaji kura. Uganda ilionyesha hivyo miaka ya 1990, katika jambo linalofanana sana na hili: ruzuku za shule za msingi. Wachunguzi walipofuatilia fedha za miaka 1991 hadi 1995 walikuta kwamba shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya kilichotumwa kwa ajili ya matumizi yao. Kilichobaki kilikwama wilayani. Serikali ikaanza kutangaza malipo magazetini na kutaka shule zibandike kiasi kilichopokelewa mahali wazazi wanapopita. Kufikia 2001 kiwango kilikuwa kimepita asilimia 80. Wapo waliopinga tafsiri hiyo, na wana hoja: katika miaka hiyo hiyo Uganda ilibadilisha pia namna ya kutuma fedha na kuongeza usimamizi kutoka juu, hivyo tangazo peke yake halistahili sifa zote. Nakubali. Tangazo bila mkaguzi ni nusu ya kazi. Ila mkaguzi yupo katika sheria zetu: kifungu cha 180 cha Katiba kinaipa Cour des comptes kazi ya kukagua hesabu za mikoa na za miji pia. Kinachokosekana ni karatasi ya raia ya kumpelekea.

Hoja nzito kuliko zote inatoka kwa mzee ambaye amezika watu wake.

— Wanangu, mnazungumza robine wakati watu wanachinjwa? Usalama urudi. Mengine baadaye.

Sitamjibu kwa haraka. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi la waasi la ADF yamewaondoa watu wengi mno katika Beni na vijiji vyake, na hakuna hesabu ya maji inayoweza kuwekwa mzani mmoja na hilo. Ninachokataa ni wazo kwamba utunzaji wa vitu vya umma ni shughuli ya wakati wa amani. Tarehe 25 Novemba 2019, baada ya mauaji mengine usiku uliotangulia, waandamanaji waliichoma mairie ya Beni na kuivamia kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, huko Boikene. Hasira ilikuwa ya damu, wala sidai kwamba fakture iliyowekwa mlangoni ingeizima. Nasema tu kwamba jengo lililoungua lilikuwa mali ya hao hao walioliunguza, na kwamba miaka mingi ya kutowaonyesha watu chochote juu ya nyumba hiyo haikuwapa sababu ya kuihesabu kuwa yao. Kilichoungua humo, na kilichojengwa au kukarabatiwa baada yake, vilikuwa gharama ya mlipa kodi yule yule wa sokoni.

Ebola ni ushahidi wa karibu zaidi. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia Mangina na kuzikumba Beni, Katwa na Butembo, ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Uliwagusa watu 3,470 na kuwaua 2,287. Kila mlango wa ofisi ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini. Ndoo hizo zililetwa na miradi, na miradi huondoka. Wagonjwa wa Ebola waliporudi kupatikana Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba mwaka huo, swali la kujikinga lilikuwa lile la siku zote: shule ina maji leo? Kituo cha afya kina maji leo? Mahali watu wanapokusanyika kwa lazima, darasani, wodini, kizuizini, bomba lililokufa ni hatari kwa mji mzima. Gereza la Kangbayi la Beni, ambako wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka baada ya shambulio la Oktoba 2020, lilikuwa limejazwa kupita uwezo wake. Nyumba ya namna hiyo inahitaji maji kwa ajili ya uhai wa walio ndani na wa askari wanaoilinda. Mzee ana haki kusema usalama uje kwanza. Namwomba tu akubali kwamba maji ya majengo haya ni sehemu ya usalama anaoudai.

Na vita vyenyewe vimeiongezea Beni mzigo ambao haikuupanga. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini ilihamishia makao yake Beni. Mji wa komini nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, ukapokea idara, magari, walinzi na makarani wa mkoa mzima. Butembo nayo, kilomita kama 54 kusini, imepokea watu waliokimbia mapigano ya Kanyabayonga na Lubero. Mpangaji mpya anapoingia nyumbani, swali la nani atalipa maji na nani atatengeneza choo haliahirishwi hadi atakapoondoka. Je, maji ya ofisi za mkoa yaliyo Beni yanaandikwa kwa jina la mkoa au la mji? Jengo likiharibika, nani atalirudisha lilivyokuwa? Makubaliano ya namna hii yakibaki mdomoni, mkoa utakaporudi Goma kitakachobaki Beni ni madeni na kuta zilizochoka.

Mhasibu amenyamaza hadi hapa kwa sababu anaamini ana neno la mwisho.

— Bwana mwandishi, mambo mazuri, lakini kwa fedha zipi?

Kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikatwe palepale zinapokusanywa. Sheria ya ugatuzi inataka asilimia 40 ya fungu hilo ishuke hadi kwenye miji, komini, sekta na tawala za kichifu. Kwa hesabu ya kawaida, asilimia 16 ya mapato ya taifa ilipaswa kufika ngazi ya chini. Haijawahi kutekelezwa kama ilivyoandikwa, na mhasibu ana sababu ya kulalamika. Ila angalia lalamiko hilo linavyotumiwa: fedha za Kinshasa hazifiki, kwa hiyo tusiulizwe juu ya zile zinazokusanywa hapa. Kidogo kilichopo ndicho kinachohitaji kuonekana zaidi, kwa sababu kikipotea hakuna kingine. Jirani wetu wa ng'ambo ya Kasindi anaweza kutufaa. Shirika la maji la Uganda, ambalo leo linaihudumia hata Kasese, lilikuwa likipata hasara William Muhairwe alipopewa kuliongoza mwaka 1998. Mwaka uliofuata alianzisha programu ya siku 100: malengo mafupi yaliyopimwa kwa kila mji, juu ya kukusanya fakture, kuziba mivujo na kuwaunganisha wateja. Fedha nyingi mpya zilikuja baadaye. Kilichoanza ni kupima na kuonyesha.

Basi ninachodai kiwe nini hasa? Kila jengo la umma katika komini zote nane za miji hii liwe na mita inayofanya kazi, na mlangoni pabandikwe kila mwezi usomaji wake, kiasi kilichotozwa, deni na tarehe ya malipo ya mwisho, pamoja na uharibifu ulioripotiwa na siku uliporekebishwa. Mita isomwe mbele ya watu: mkuu wa mtaa, mwalimu au muuguzi wa jirani, na mwakilishi wa wanaotumia maji. Kamati ya aina hiyo haihitaji kubuniwa upya. Kinshasa na Mbuji-Mayi zina vyama vya watumiaji wa maji, ASUREP, vyenye mkutano mkuu wa watumiaji wenyewe na desturi ya kutenga sehemu ya mapato ya bidoni kwa matengenezo. Nasikia pingamizi kwamba kamati hutekwa na wenye sauti kubwa, na huenda zikatekwa. Ndiyo sababu nataka kazi yake iwe nyembamba: isome, iandike, ibandike. Kamati isiyoshika fedha haina cha kuibwa. Na niongeze sharti ambalo wengi wataliona gumu: mkaaji asikatiwe maji kwa deni la miezi michache katika komini ambayo ofisi zake zina deni la muda mrefu zaidi na bado zinapata maji. REGIDESO itasema hilo litaifilisi. Naamini litaipa kwa mara ya kwanza umati wa watu wanaoisaidia kuidai dola.

— Na meya akikataa? anauliza mama wa soko. Huyu wa sasa hatukumweka sisi.

— Basi, Mama, tuanze kwa wasiohitaji amri ya meya. Mkuu wa shule ana fakture yake kabatini. Msimamizi wa kituo cha afya anayo. Wazazi wa shule moja ya Kimemi na wa shule moja ya Beu wanaweza kuiomba katika mkutano wa wazazi, wakaisoma pamoja na mita.

— Na mita isipolingana na karatasi?

— Iandikwe tofauti hiyo, isainiwe na waliokuwapo, ipelekwe kwa bourgmestre na REGIDESO, na nakala iende Cour des comptes. Mwezi unaofuata mita isomwe tena.

Karani amekwisha kuchukua kalamu. Anauliza karatasi hizo zitunzwe wapi, maana ofisi yake dari linavuja.

— Andika hilo nalo, Bwana karani, anasema mama. Pamoja na tarehe ya leo.